Nani Amlishe Mtoto?

Msomaji mpenzi, hapana shaka umepata kusikia wazee wakisema kwamba wapiganapo tembo, nyasi ndizo huumia. Aghalabu methali hii hutumiwa kwa ugomvi wa wafalme na wa mataifa. Leo nakuomba uilete karibu zaidi, chini ya paa la nyumba. Mume na mke wakiteta hata wakaachana, kila mmoja wao ana kinywa cha kujitetea, ana ndugu wa kumsikiliza, na ana miguu ya kumpeleka barazani. Mtoto hana haya yote. Yeye hungoja uani, na swali lake ni fupi kuliko maneno yote ya wakubwa: jioni hii nitakula nini, na kesho nitakwenda shule na nguo gani?

Historia tuisomayo darasani imejaa vita, mikataba, reli na uchaguzi, na ni haki iwe hivyo. Lakini iko historia nyingine ambayo haikupigiwa tarumbeta, nayo ni historia ya sahani ya mtoto. Umaskini wa watoto hauletwi na ukame na nzige peke yao. Huingia pia kwa mlango wa nyumba iliyovunjika, na mlango huo hufungwa au huachwa wazi na sheria. Nataka tuitazame nchi yetu ya Kenya, tuone jinsi sheria zake zilivyolijibu swali hili moja tangu zamani hata leo: wazazi wakitengana, au wasipooana kabisa, nani amlishe mtoto?

Tuanze na mila. Katika makabila yetu mengi ndoa haikuwa shauri la watu wawili. Ilikuwa mapatano ya koo mbili, na mahari, yawe ng'ombe, mbuzi au vinginevyo, yalikuwa ushahidi wa mapatano hayo. Kwa kuwa mahari yalikwisha tolewa, watoto walihesabiwa kuwa wa ukoo wa baba. Ndoa ikiharibika wazee walikaa chini ya mti, wakasikiliza pande zote mbili, wakajaribu kupatanisha. Wakishindwa ndipo yalipozungumzwa marejesho ya mahari. Naye kijana aliyempa mimba msichana asiyeolewa hakuondoka kimya kimya. Katika sehemu nyingi ukoo wake ulitozwa mifugo, ikapelekwa kwa baba yake msichana, na mtoto aliyezaliwa akapata mahali pa kuketi penye moto wa nyumba fulani.

Sisemi kwamba mambo yote yalikuwa mema. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mama aliyeachwa mara nyingi aliwaacha watoto wake nyuma yake, hata kama moyo wake ulikatika vipande. Na mifugo ya faini iliingia zizini mwa babu, wala haikuandikwa kwa jina la mtoto. Lakini jambo moja yafaa tulikumbuke: mtoto alikuwa na ardhi ya ukoo wa kumlisha, na shangazi na bibi wa kumwita. Njaa ikija, ilikuja kwa wote. Ilikuwa vigumu mtoto mmoja afe njaa mahali ambapo ukoo mzima unakula.

Huko pwani palikuwa na njia nyingine tena. Mombasa, Lamu na Malindi zilikuwa na makadhi tangu kale, na mapatano ya mwaka 1895 baina ya Waingereza na Sultani wa Zanzibar yaliiacha sheria ya Kiislamu iendelee kuwatawala Waislamu wa mwambao katika mambo ya ndoa na urithi. Uhuru ulipokaribia, mapatano ya mwaka 1963 yalihakikisha tena kwamba mahakama za makadhi zitadumu. Kwa sheria hiyo talaka si jambo lisilowezekana: mume hutoa talaka, mke huweza kujikomboa kwa khului, naye kadhi huweza kuivunja ndoa kwa sababu zilizo wazi. Lakini talaka ya mama haimwachishi baba wajibu wake kwa mtoto. Mama huweza kubaki na ulezi wa mtoto mchanga, naye baba hubaki na deni la chakula na mavazi yake. Ndiyo maana ukiingia katika mahakama ya kadhi hutashangaa kuwaona wanawake wengi wakija kudai matunzo. Kwa karne nyingi mwambao uliijua kanuni ambayo, kama utakavyoona, nchi nzima ilichukua miaka mingi kuifikia: kifungo cha mume na mke chaweza kukatwa, kifungo cha baba na mwana hakikatiki.

Ukaja utawala wa kikoloni, na pamoja nao ukaja mtengano wa namna mpya ambao haukuitwa talaka. Kodi ya nyumba ilianza kutozwa mwaka 1901, na kwa kuwa kodi ililipwa kwa fedha, wanaume waliondoka kwao wakazitafute fedha hizo katika mashamba ya walowezi, relini na mijini. Baadaye wakavishwa kipande shingoni. Mshahara waliopewa ulikadiriwa kwa mahitaji ya mwanamume mmoja asiye na mke wala mtoto. Ilidhaniwa kwamba mke yuko nyumbani akilima, na jembe lake ndilo litakalowalisha watoto. Mwaka 1954 kamati ya serikali iliyochunguza mishahara ya Waafrika, chini ya uenyekiti wa Bwana Carpenter, ilikiri wazi kwamba mshahara wa namna hiyo hautoshi kutunza jamaa, ikashauri kwamba katika muda wa miaka kumi ugeuzwe uwe mshahara wa mtu mwenye familia.

Fikiri maana yake, msomaji. Kwa zaidi ya miaka 50 nchi ilijengwa juu ya hesabu ambayo ndani yake mtoto hakuhesabiwa. Baba alikuwa mjini katika chumba cha kulala watu wengi. Mama alikuwa kijijini na shamba lililozidi kupungua. Wengine waliandikiana barua na kutumiana fedha kwa uaminifu mkubwa. Wengine walipotelea mjini, wakaanza nyumba nyingine, na jina lao likabaki kutajwa kijijini kama jina la mtu aliyezama baharini. Hapakuwa na talaka, hapakuwa na hukumu, wala hapakuwa na nafaka ghalani.

Sheria za ndoa nazo zilikuwa nyingi kama nyuzi za mkeka. Palikuwa na sheria ya ndoa ya mwaka 1902. Palikuwa na sheria ya ndoa za Waafrika Wakristo ya mwaka 1904, ambayo nafasi yake ilichukuliwa na nyingine mwaka 1931. Waislamu walikuwa na sheria zao za mwaka 1906 na 1920, Wahindu wakapata yao mwaka 1960, na walioana kimila walifuata mila zao. Waliooana kanisani au mbele ya mkuu wa wilaya hawakuweza kuachana ila mmoja wao athibitishe kosa la mwenzake: uzinzi, ukatili, kumtoroka kwa miaka mitatu au zaidi, na mengineyo kama hayo. Kesi ilitaka wakili, na wakili alitaka fedha.

Wako watu waliodhani, na wako hata leo wanaodhani, kwamba talaka ikifanywa ngumu familia zitakaa pamoja na watoto watashiba. Kwa macho ya kwanza hoja hii ni nzuri, na haifai kuidharau, maana ni kweli kwamba nyumba mbili hugharimu zaidi ya nyumba moja, na mtoto alelewaye na wazazi wote wawili kwa amani ana bahati kubwa. Lakini sheria yaweza kumzuia mtu asipate hati ya talaka. Haiwezi kumzuia asipande gari la moshi. Mwanamume aliyeona mlango wa mahakama ni mwembamba alipita dirishani. Aliondoka tu. Na mke aliyeachwa bila hukumu hakuwa na karatasi ya kudai chochote, ila aende kwa hakimu chini ya sheria ya mwaka 1928 iliyohusu utengano na matunzo, kama aliisikia, na kama alikuwa na nauli.

Sasa tufike mwaka 1959. Katika mwaka huo Baraza la Kutunga Sheria lilipitisha sheria ambayo katika historia ya watoto wa Kenya yastahili kukumbukwa. Tuiite Sheria ya Kumtambulisha Baba. Maana yake ilikuwa hii: mwanamke asiyeolewa aliyezaa mtoto aliweza kwenda kwa hakimu, akamtaja mwanamume aliyemzalisha, na ikiwa maneno yake yaliungwa mkono na ushahidi mwingine, hakimu alimwamuru mwanamume yule alipe fedha kila mwezi kwa ajili ya mtoto. Kwa mara ya kwanza sheria ya serikali ilimfuata baba hata mahali ambapo mahari hayakutolewa wala pete haikuvishwa.

Sheria hii haikupendwa na wote. Mijini na vijijini wanaume wengi walinung'unika. Walisema kwamba wanawake wameipata biashara, kwamba msichana mwerevu ataweza kuvuna kwa wanaume kadha wa kadha, kwamba sheria inawafundisha mabinti uasherati, na kwamba si desturi ya Kiafrika bali ni kitu cha Wazungu. Yafaa tuzipime hoja hizi kwa haki. Bila shaka walikuwako wanawake walioitumia sheria kwa hila, maana hakuna sheria duniani isiyopata wa kuichezea. Na ni kweli kwamba mila ilikuwa na njia yake ya kumaliza shauri la mimba. Lakini njia ile ya mila ilitegemea koo zinazojuana na wazee wanaosikilizwa. Kijana aliyefanya kazi Nairobi na msichana aliyetoka mbali naye hawakuwa na mti mmoja wa kukalia wazee wao. Mila ilikuwa imebaki kijijini, nao watoto walikuwa wakizaliwa mjini.

Mwezi wa Juni mwaka 1969, miaka sita baada ya uhuru, Bunge liliifuta sheria hiyo. Vyama vya wanawake vilipinga, lakini havikusikilizwa. Itazame vema orodha ya Wabunge wa wakati ule: hapakuwa na mwanamke hata mmoja. Ilikuwa katika uchaguzi wa mwisho wa mwaka huo huo, miezi michache baadaye, ndipo Bibi Grace Onyango alipochaguliwa Kisumu akawa mwanamke wa kwanza aliyechaguliwa kuingia Bunge la Kenya. Alipofika, sheria ilikuwa imekwisha zikwa. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi: wale walioupima mzigo ule na kuuona mwepesi hawakuwa wao walioubeba.

Je, kufutwa kule kulikuwa na maana gani? Tuwachukue, kwa mfano, watoto wawili waliozaliwa siku moja katika hospitali moja. Wa kwanza wazazi wake wameoana, wa pili hawakuoana. Baba zao wote wawili ni makarani wenye mshahara sawa, na wote wawili wamewahama mama zao. Mama wa kwanza aweza kwenda mahakamani akadai chakula cha mwanawe. Mama wa pili, baada ya mwaka 1969, akienda ataambiwa kwamba mlango wa sheria ile umefungwa. Watoto hawa wawili hawakufanya kosa lolote. Wana matumbo yaliyo sawa, na homa ikija huwashika sawasawa. Tofauti yao ni jambo walilolitenda watu wazima kabla wao hawajazaliwa. Basi ilikuwa ni desturi ya kumwadhibu nani? Ilisemwa kwamba anaadhibiwa mwanamke mwovu. Kumbe aliyelala na njaa alikuwa mtoto.

Usidhani kwamba nchi ililala usingizi. Mwaka 1967 Rais Jomo Kenyatta aliteua tume mbili, moja ya kuchunguza sheria za urithi na moja ya kuchunguza sheria za ndoa na talaka. Tume ya ndoa iliongozwa na Jaji Spry, nayo ilitoa taarifa yake mwaka 1968. Ilishauri kwamba sheria zile nyingi ziunganishwe kuwa moja, ili mke wa Kikristo, wa Kiislamu, wa Kihindu na wa kimila wajue haki zao mahali pamoja. Mswada uliotokana na shauri hilo ulifikishwa Bungeni mwaka 1976, ukaangushwa. Ukarudishwa mwaka 1979, ukaangushwa tena. Wabunge walisema kwamba unakwenda kinyume cha desturi na unawapa wanawake nguvu kupita kiasi.

Lakini mbegu iliyokataliwa shambani kwetu iliota kwa jirani. Tanzania iliyachukua mawazo mengi ya tume ya Kenya, ikayatia katika Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Kwa sheria hiyo wanandoa wenye ugomvi hupelekwa kwanza mbele ya baraza la usuluhishi, kisha, ikithibitika kwamba ndoa imevunjika kiasi cha kutoweza kutengenezwa, ndipo mahakama huivunja na kuyatazama mambo ya watoto na mali. Mwaka 1983 Jaji Mkuu Francis Nyalali na wenzake katika Mahakama ya Rufaa ya Tanzania waliamua shauri la mama mmoja aliyeachwa, ambaye kwa miaka ya ndoa yake kazi yake ilikuwa ya nyumbani. Wakasema kwamba kupika, kufua na kulea watoto ni kazi, na ni mchango katika mali ya nyumba. Mama yule mwenyewe hakupata sehemu katika nyumba, kwa kuwa mahakama iliona kwamba fedha alizokwisha pewa na mumewe zilikuwa sehemu yake, naye alikuwa amezitapanya. Lakini neno lililotamkwa siku ile liliwafaa wengi waliokuja baada yake.

Pengine utauliza, mali ya mume na mke inahusu nini chakula cha mtoto? Inahusu sana. Mama akitoka nyumbani mikono mitupu, na watoto wakamfuata, basi umaskini wake ndio urithi wao. Hapa Kenya mahakama zililitatua shauri la mali kwa msaada wa sheria ya Uingereza ya mwaka 1882. Mwaka 1971 jaji mmoja wa Mahakama Kuu aliamua kwamba sheria hiyo kongwe inatumika nchini. Kwa miaka iliyofuata majaji walivutana. Mwaka 1991 Mahakama ya Rufaa ilikubali kwamba kazi ya mke nyumbani ni mchango. Mwaka 2007 mahakama hiyo hiyo ikarudi nyuma, ikataka mke aonyeshe fedha alizotoa katika kununua mali. Mama aliyelima miaka 20, akazaa na kulea, alitakiwa aonyeshe risiti. Nani amepata kuandikiwa risiti ya kumbembeleza mtoto usiku?

Sheria ya Watoto ya mwaka 2001 ilikuwa hatua kubwa. Ilikusanya pamoja mambo ya watoto yaliyokuwa yametawanyika, ikaziweka Mahakama za Watoto, ikataja haki ya mtoto ya kutunzwa. Walakini katika pindo la kanzu hiyo mpya palibaki tundu la zamani. Kifungu kimoja kilisema kwamba ikiwa wazazi hawakuoana, wajibu wa kumlea mtoto ni wa mama kwanza. Baba angeupata wajibu huo kwa njia zake, kama vile kukubaliana na mama, kumkiri mtoto, au kuomba mahakamani. Yaani kwa baba, ubaba ulikuwa kama nguo aliyoweza kuivaa au kuiacha ukutani. Kifungu hicho kilishitakiwa kwa niaba ya mtoto mmoja, lakini mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikataa kukiondoa, ikasema kwamba tofauti hiyo si ubaguzi usio na sababu.

Ndipo ikaja Katiba ya mwaka 2010. Ifungue, msomaji, uitafute Ibara ya 53. Hapo utakuta kwamba kila mtoto ana haki ya lishe bora, makao na afya, na ya kulelewa na kulindwa na wazazi wake. Na kwamba mama na baba wana wajibu ulio sawa wa kumtunza, wawe wameoana au hawakuoana. Maneno hayo machache yaliziba ufa uliokuwa wazi tangu mwaka 1969. Mwaka 2013 Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu alitamka kwamba kile kifungu cha mwaka 2001 hakipatani na Katiba. Mwaka huo huo sheria mpya ya mali ya ndoa ilisema wazi kwamba kazi za nyumbani, malezi ya watoto na kilimo ni mchango. Mwaka 2014 Sheria ya Ndoa ilizifuta sheria saba za zamani na kuzitambua ndoa za namna tano chini ya paa moja, karibu miaka 46 baada ya tume ya Jaji Spry kutoa shauri hilo. Na Sheria ya Watoto ya mwaka 2022, iliyoshika nafasi ya ile ya 2001, iliurudia wajibu ulio sawa wa wazazi wote wawili. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu iliongeza tahadhari: usawa katika ndoa haumaanishi kwamba mali itakatwa nusu kwa nusu kila mara, bali kila mmoja huonyesha mchango wake, na mchango si fedha peke yake.

Hesabu sasa. Kutoka mwaka 1969 hata mwaka 2010 ni miaka 41. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule wa kwanza bila baba mbele ya sheria alikuwa amekwisha kuwa mtu mzima, pengine mwenye wajukuu njiani, kabla nchi haijamwambia kwamba alikuwa na haki. Haki iliyochelewa haikumrudishia vitabu alivyovikosa, wala uji wa asubuhi. Hili ndilo funzo la kwanza la historia hii: wakubwa wanaposema kwamba jambo la sheria lingoje, wakumbuke kwamba tumbo la mtoto halina kalenda.

Funzo la pili ni kwamba sheria peke yake haipiki. Hukumu ya mahakama haiwezi kumtoa mkate mtu asiye na kazi. Baba aliyeamriwa kulipa aweza kuhama mji. Mama aishiye mbali na mahakama aweza kushindwa na nauli. Na wako wengi, wanaume kwa wanawake, wasiojua kwamba haki hiyo iko. Kwa sababu hiyo serikali nayo ina mkono wake katika sahani hii. Ilipoondoa karo katika shule za msingi mwaka 2003, na ilipoanza mwaka 2004 kuzigawia fedha jamaa maskini zinazolea mayatima, ilikuwa ikikiri kwamba mtoto ni wa wazazi wake kwanza, lakini pia ni wa nchi. Mkono mmoja haulei mwana. Ukoo wa zamani ulilijua hilo. Sisi tumelazimika kujifunza tena kwa maneno mengine.

Funzo la tatu ndilo gumu zaidi. Kwa miaka mingi hoja yetu ilikuwa juu ya wakubwa: nani mwenye kosa, nani mzinzi, nani alitoa mahari, nani alivaa pete, nani ana risiti. Kila mara mtoto alifungwa kwenye mkia wa hoja hiyo. Ikiwa mama alionekana mwema, mtoto alikula. Ikiwa alionekana mbaya, mtoto alifunga. Hatua zote njema nilizozitaja, kuanzia kanuni ya makadhi wa mwambao hata Katiba ya mwaka 2010, zina shina moja: ziliikata kamba hiyo. Zilisema kwamba ugomvi wa wazazi uhukumiwe kivyake, na chakula cha mtoto kivyake. Familia haiwi njema kwa sababu talaka imekatazwa, wala haiharibiki kwa sababu talaka imeruhusiwa. Huwa njema pale ambapo hata wawili wakishindwana, hakuna anayemfanya mtoto alipe gharama ya kushindwa kwao.

Nakuandikia wewe uliye shuleni kwa sababu baada ya miaka si mingi utakuwa mume au mke, baba au mama, na wengine wenu mtakuwa mahakimu, machifu na Wabunge. Labda katika darasa lako yuko mwenzako ambaye wazazi wake wameachana, au labda ni wewe mwenyewe. Ukimwona mwenzako amekuja na viatu vilivyotoboka, usimwulize habari za ndoa ya mamake. Hakuitunga yeye. Na siku yako itakapofika, ukakutwa na ugomvi ambao hauna dawa, nenda kwa wazee, nenda kwa kadhi, nenda mahakamani, tafuta haki yako yote bila aibu. Lakini kabla hujatoka mlangoni tazama uani. Yuko mtu anayengoja, naye hataki kujua nani kashinda. Anangoja kuona ni nani kati yenu atakayekumbuka kuinjika chungu.